Naomba Mlinzi Azame Pamoja na Kisu Changu

Goma, mwezi wa sita

Kwa Mheshimiwa Papa Olivier Havugimana,
Mwenyekiti wa Kamati ya Utaratibu na Usalama,
Ufuko wa Mawe Meusi.

YAHUSU: kisu changu, msumari wangu, kijiko changu, na mlinzi wako

Papa Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, miguu juu ya kigoda, kama ninavyokukuta kila jioni nikipita mbele ya lango lako. Mimi pia ni mzima, ingawa uzima wangu nadaiwa na mtu ambaye kamati yako imemwandika kuwa mkosaji. Nitafika huko. Nimejifunza kutoka kwa matangazo yako kwamba jambo lisilo na namba si jambo, kwa hiyo nimeyapa yangu namba.

Kwanza nijitambulishe, maana unanijua kwa samaki kuliko kwa jina. Ni mimi Cyprien Nsanzimana, yule mzamiaji. Wavuvi wengine wa ziwa hili hukaa juu ya maji wakingoja, mimi naingia. Navaa miwani ya kuzamia, navuta pumzi, nashuka kati ya mawe ambayo volkano iliyamwaga ziwani, namfuata tilapia nyumbani kwake, nampiga kwa mkuki unaorushwa na mpira wa tairi. Baba yangu, mfugaji wa milima ya Masisi, mpaka leo husema kwamba alilea watoto kwa maziwa, na mmoja wao akageuka bata. Namheshimu. Lakini ng'ombe walibaki milimani na wale waliowala, sisi tukashuka Goma mikono mitupu, na ziwa halikuniuliza nimetoka wapi.

Sasa malalamiko.

1. Kuhusu kisu

Siku ile tangazo lako lilipobandikwa ufukoni, likisema ni marufuku raia kuingia na kisu cha aina yoyote, mlinzi wako Lionel alinisimamisha kwenye kizuizi.

"Papa Cyprien, iko nini kwa mushipi?"

"Kisu."

"Kisu ya nini?"

"Ya samaki."

"Samaki alikukosea nini?"

Nikamweleza kwamba samaki hakunikosea, ni chakula tu. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayepewa habari za msiba, akasema: "Iyi iko arme blanche." Kwa Kifaransa cha kizuizini hiyo ni silaha nyeupe. Nikamwonyesha kwamba mpini ni mwekundu na chuma kimekuwa cha kijivu. Akasema hata hivyo, kisheria, ni nyeupe.

Muda huo wote begani alikuwa na bunduki, na kwenye mdomo wa bunduki amening'iniza mfuko wa karanga. Nikamwuliza kwa adabu hiyo nayo ni ya rangi gani. Akasema: "Iyi ni ya usalama."

Sibishi, Papa Mwenyekiti. Nataka tu ujue kisu hicho kilivyopatikana. Nilikitafuta Birere, kibanda kwa kibanda, mpaka wauzaji wakaanza kuniogopa, maana kila kisu walichonipa nilikichomeka mshipini, nikafumba macho, nikajaribu kukichomoa kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto. Muuzaji mmoja alinitolea kirefu cha kuchinjia ng'ombe, akasema kinatisha hata mamba. Nikamwambia ziwa letu halina mamba wala kiboko; tungekuwa Vitshumbi, kwenye ziwa lenye viboko, tungezungumza mengine. Huku adui wa mzamiaji ni uzi. Nyavu zikikatika, wenye nazo huziacha, nazo hubaki kule chini zikiendelea kuvua bila bwana, na hazitofautishi samaki na Mkristo aliyebatizwa.

Kwa hiyo nilichagua kifupi, kisichozidi kiganja, kwa sababu kirefu husumbua mahali pembamba. Ncha nilimwomba fundi aikate iwe butu, maana mtu anayekosa hewa hujichoma tumbo kabla hajaukata uzi. Upande mmoja kina meno ya msumeno, kwa ajili ya nailoni. Mpini ni mwekundu ili kikianguka nikione kati ya mawe meusi. Na sikukifunga mguuni kama wazamiaji wa kwenye sinema, kwa sababu mguu ndio unaonaswa kwanza, na ukinaswa huufikii. Nilikivaa mshipini, mbele ya tumbo, panapofikiwa na mikono yote miwili. Nakuuliza kama mtoto anayemwuliza baba yake: silaha gani hiyo isiyo na ncha?

Nisisahau kukupongeza kwa jambo moja. Mkuki wangu, ulio mrefu kunishinda, wenye ncha ya kumchoma mtu na jirani yake kwa pigo moja, unapita kizuizini kila asubuhi bila swali. Tangazo lilisema kisu, na mkuki si kisu. Lionel hata hunishikia nikiwa nakaza mshipi.

2. Kuhusu msumari

Kisu kilipobaki kizuizini, nilijifariji kwamba ninao msumari wa kumalizia. Ni sipoki, ule waya wa gurudumu la pikipiki, niliyoinoa na kuitia mpini wa mti, ndogo kama kalamu. Samaki aliyepigwa mkuki bado ni samaki hai. Ukimwacha, atapapatika, atajichana, damu itamwagikia nyamani, na jioni mke wako Mama Charline atakuuliza kwa nini tilapia wa leo analegea kama ugali uliokosa unga. Mwenye adabu humshika nyuma ya mashavu, huingiza ncha juu kidogo, nyuma ya jicho, na samaki hutetemeka mara moja tu, kisha hutulia. Baba yangu alimwangusha fahali kwa adabu hiyohiyo. Ndicho kitu pekee katika kazi yangu ambacho amewahi kukisifu.

Lionel aliushika msumari, akautazama kwenye jua.

"Unatoboa?"

"Unatoboa."

"Basi unabaki."

Hapo nilijifunza kwamba kizuizini mtu asijibu haraka.

3. Kuhusu vifaa ambavyo kamati ilinishauri

Nilikuja kwako mwenyewe, ukanipokea vizuri, ukanipa chai, ukasema: "Cyprien, samaki ni kitu kidogo. Umupige tu kwa kichwa." Nikachonga rungu la mkaratusi. Jioni nikampelekea samaki Marcelline, mama anayenunua samaki wangu wote na kuwauza kando ya barabara, ambaye hana haja ya kamati ili kusema ukweli. Akamwinua tilapia kwa mkia, akamgeuza, akasema: "Huyu alipigwa kama mwizi wa Birere." Wateja wake wanapenda samaki mwenye macho mahali pake.

Wiki haikuisha, tangazo likaongezwa mstari wa kalamu: "pamoja na vyombo vya kupigia." Rungu likaenda kuungana na ndugu zake kwenye ndoo ya Lionel. Nikarudi kwako. Na hapo, lazima niseme, uliniona huruma. Ulifikiri kwa muda mrefu, ukanyanyua kilichokuwa mkononi mwako, ukasema: "Kijiko hakiyaua mutu."

Ni kweli, Papa Mwenyekiti. Nimekivaa kijiko mshipini, mbele ya tumbo, panapofikiwa na mikono yote miwili. Kwa ajili ya kumbukumbu za kamati, naripoti kwamba hakijaua samaki pia.

4. Kuhusu Alhamisi

Hapa naomba usome ukiwa umekaa, ingawa najua umekaa.

Alhamisi asubuhi ziwa lilikuwa kama kioo cha kunyolea. Marcelline alikuwa ndani ya mtumbwi wa kaka yake, karibu na mahali ninapozamia, maana siku hizi huja kununua samaki majini kabla wanunuzi wengine hawajafika. Mimi nilikuwa na boya langu, bidoni ya manjano, yaani dumu tupu lililofungwa kamba, na kamba imefungwa kwenye mkuki. Nikashuka mara kadhaa, nikapata wawili wadogo. Kisha nikamwona mmoja mnene, mweusi mgongoni, akiingia taratibu chini ya jiwe, kama mzee anayeingia kwake akijua hakuna atakayemsumbua.

Nikamfuata. Nilimpiga vizuri, Papa. Lakini alipojivuta ndani, alivuta mkuki, na mkuki ukavuta kitu kingine ambacho sikukiona, kwa sababu nailoni ndani ya maji haina rangi. Nikahisi kitu kinanigusa shingoni, laini, kama utando wa buibui mlangoni asubuhi. Nikageuza kichwa. Hilo ndilo kosa ambalo kila mtu hulifanya. Kamba ya miwani ikanaswa, halafu mkono, halafu nilipopiga teke ili nipande, mguu.

Uso wa maji niliuona. Ulikuwa juu yangu kwa kiasi cha mkono mmoja. Niliona tumbo la mtumbwi na bidoni yangu ya manjano ikirukaruka, nikafikiri, lo, bidoni inacheza.

Mkono wangu wa kulia ukaenda wenyewe tumboni kutafuta mpini mwekundu. Ukakuta kijiko. Sitaki kukudanganya, nilikitumia. Nilikisugua kwenye ule uzi kwa nguvu zote ambazo Mungu alinipa, na uzi ukang'aa tu. Nilikuwa na mkuki ulioruhusiwa na kamati, lakini mkuki wenyewe ulikuwa umefungwa kuliko mimi. Kifua kikaanza kujivuta chenyewe. Nikamkumbuka mke wangu Lucie, ambaye asubuhi hiyo aliniuliza kama nitarudi na makaa ya kupikia, nikamjibu bila kumtazama.

Kisha mkono ukaingia majini. Mkono wa mwanamke, mpaka begani, wenye bangili ya shaba, na mwishoni mwake kisu cha kuparia magamba. Kisu kibaya, kilichoisha kwa kunolewa, mpini umefungwa kitambaa. Kilikata shingoni kwangu, kikakata begani, kikanikata kidogo na mimi mwenyewe, sikulalamika. Nikapanda mguu ukiwa bado unaburuta wavu, nikashika ukingo wa mtumbwi, nikatapika maji ya ziwa lote.

Marcelline aliniangalia mpaka alipohakikisha napumua. Halafu akasema: "Ule samaki iko wapi?"

Ndivyo alivyo. Lakini aliikalia mikono yake ili nisiione, akatazama upande wa milima.

5. Kuhusu Marcelline

Swali linalotokea kwa mtu mwenye akili ya utaratibu kama wewe ni hili: kile kisu kilipitaje kizuizini? Kilipita ndani ya beseni, chini ya ndizi, chini ya kitenge. Lionel hapekui beseni la mama anayemwita "mutoto wangu". Kwa hiyo, Papa Mwenyekiti, naandika nikiwa hai kwa sababu ya uvunjaji wa sheria, na nimejaribu kuona haya kwa jambo hilo bila mafanikio.

Tulipofika ufukoni watu walikuwa wamejaa. Lionel alikuja mbio, bunduki ikimgonga mgongoni, karanga zikimwagika. Alinishika mabega, akanitazama uso wote. Ni kijana mwenye roho nzuri, hilo liandikwe. Akamwuliza Marcelline: "Mama, ulimutosha mu mayi namna gani?"

Marcelline akasema: "Kwa mukono."

Hapo pangeisha. Lakini mtu mmoja nyuma akasema alikiona kisu, na mwingine akasema ni kikubwa, na wa tatu akasema ni viwili. Lionel akasimama pale kama mtu aliyeitwa na baba wawili kwa wakati mmoja. Mwisho akanyoosha mkono, bila kumtazama usoni. Marcelline akafunua kitenge, akakitoa, akakiweka kwenye kiganja chake. Akasema: "Kiko na maji ya Cyprien. Ukipanguse, kitapata kutu."

Jina lake likaandikwa. Tangu siku hiyo anapara samaki kwa kipande cha bati, ameshajikata mara mbili, na wateja wanaona damu wasijue ni ya nani. Nilimwomba msamaha, akanijibu kwamba msamaha hauondoi magamba.

6. Kuhusu maombi yangu

Nimefikiri sana, na nimeona kamati ina haki. Kisu ni salama kikiwa mkononi mwa mlinzi, na ni hatari kikiwa mkononi mwa raia. Nimekubali. Basi naomba utekelezaji kamili: kwa kuwa kisu changu hakiruhusiwi kuachana na Lionel, na mimi siwezi kuzama bila kisu, Lionel azame na mimi. Avae sare yake, ashike kisu, akae karibu nami kule chini. Nikinaswa, nitamwonyesha kitambulisho, naye baada ya kujiridhisha atakata.

Najua pingamizi. Lionel ni mtu wa Kibumba, kule milimani. Anajua viazi na kabichi, na maji anayajua yakiwa ndani ya sufuria. Ikiwa hataweza, naomba wajumbe wa kamati washike zamu. Wewe mwenyewe, kwa heshima, una umbo linaloweza kufika chini haraka kuliko sisi sote.

Ikiwa hilo nalo ni gumu, naomba tangazo libandikwe chini ya ziwa, kwenye yale mawe, kwa lugha inayoeleweka na nyavu, likizikataza kukamata raia. Nakala ipelekwe kwa tilapia, wakielekezwa kufa wenyewe pindi wanapopigwa, bila vurugu na bila msumari.

Na ikiwa yote yameshindikana, naomba nipewe bunduki. Usishtuke. Sitampiga mtu, sijui hata inafunguliwa wapi. Nimeona tu kwamba katika mji wetu mwenye bunduki haulizwi habari za kisu. Nitaibeba begani, nitaning'iniza kisu changu kwenye mdomo wake mahali pa karanga, na nitapita.

Lakini ombi langu la kweli, lile ambalo bila hilo nisingeandika barua, ni fupi. Mrudishieni Marcelline kisu chake. Changu mnaweza kukaa nacho mpaka Kristo arudi. Chake kilifanya kazi ambayo kamati nzima isingeifanya, na mama huyo hakuomba hata asante, aliuliza samaki.

Nakuomba unisalimie Mama Charline, na umwambie kulegea kwa tilapia hakukuwa kosa lake. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, waliosoma tangazo na ambao hawakulisoma. Msalimie Lionel, ambaye najua atafungua bahasha hii kabla yako: Lionel, ndugu yangu, karanga zako nilikuokotea, ziko nyumbani. Wasalimie na wavuvi wa upande wa pili wa ufuko, hata wale walioacha wavu wao pale chini; waambie niliuona.

Ni mimi, raia wako mtiifu, ambaye bado anapumua,

Cyprien Nsanzimana, mzamiaji

N.B. Bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa Lionel alipokuja nyumbani na karatasi yako ya kuniteua kuwa Mkaguzi wa Vyuma vya Ufuko, kwa kuwa, kama ulivyoandika, hakuna anayejua visu kuliko mimi. Nakushukuru kwa imani hiyo. Naomba yote yaliyo hapo juu uyasome kama ya mtu mwingine.

Nimeanza kazi asubuhi ya leo. Nimepewa meza, na kutoka mezani mambo yanaonekana vizuri zaidi. Kwa mfano, niligundua mara moja kwamba tangazo lako lina tundu kubwa: mikuki inapita. Nimelifunga. Wazamiaji wawili wageni walifika na visu vifupi, vya ncha butu, mshipini, mbele ya tumbo. Nilivichukua. Mtu anayechagua kisu kwa uangalifu wa namna hiyo, lazima tujiulize ana nia gani. Walilia eti vinaokoa maisha. Nikawaambia wote husema hivyo.

Marcelline naye alikuja kudai chake. Kipo hapa, ndani ya ndoo, karibu na mguu wangu. Nilimweleza kwa upole kwamba siwezi kuanza kazi kwa kupendelea watu ninaofahamiana nao, alete maombi, yatasomwa. Alinitazama kwa muda, kama anavyomtazama samaki ambaye hatamnunua. Halafu akasema: "Siku ingine ukinaswa mu mayi, uite kamati."

Sijajua kama hilo ni tusi au ni pendekezo. Naomba mwongozo.